Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Mashindano ya Gemu za Mtandaoni: taarifa zetu anazisikiliza nani?

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa heshima zote, nimekuandikia faraghani mara tatu tangu msimu uanze na sijajibiwa. Hii ya nne naiandika hadharani kwa sababu ya yaliyonikuta Jumamosi usiku kwenye nusu fainali.

Kanuni zako za mwaka huu zinamtaka kila mchezaji wa hatua hiyo awashe maiki. Nimecheza gemu za timu kwa miaka tisa, na karibu muda wote huo maiki yangu imekuwa imezimwa. Hata jina la akaunti yangu nililichagua lisionyeshe kama mimi ni mwanamke. Jumamosi nikatii kanuni, nikawasha. Maneno yangu ya kwanza yalikuwa "wawili, mlango wa kushoto". Pakawa kimya kidogo, kisha mmoja wa timu yangu akauliza, "Huyu ni demu?" Mwingine akaniambia nirudi jikoni.

Tangu hapo hakuna aliyenisikiliza. Nikisema adui yuko juu, wao wanashuka chini. Nilipowaangusha watatu mfululizo, timu pinzani wakaandika kwamba nadanganya kwa programu inayomlengea mchezaji shabaha, na wa kwangu, niliopangwa nao kwa kura, wakawaunga mkono. Halafu mpinzani mmoja akaanza kuusema mwili wangu na kueleza atakachonifanyia akinipata. Hayo siyaandiki hapa. Mdogo wangu wa miaka 13 alikuwa amekaa nyuma yangu, na sauti nilikuwa nimeitoa kwenye spika ili naye aisikie nusu fainali ya dada yake. Aliinuka, akaizima spika, akarudi kukaa bila kusema neno. Kesho yake akaniomba nimsaidie kubadilisha jina la akaunti yake.

Niliripoti. Niliambatisha rekodi ya dakika 11. Jibu, "Asante, tumepokea taarifa yako," lilifika papo hapo, kabla sijauondoa mkono kwenye kipanya. Tangu hapo, kimya. Na jana mmetoa orodha ya wachezaji wa fainali: aliyenitishia yumo.

Nikukumbushe, Ndugu Mwenyekiti. Siku ya uzinduzi ulisimama mbele ya kamera ukasema mashindano haya ni ya kila mtu, na kwamba kila lalamiko litashughulikiwa ndani ya saa 48. Nilikupigia makofi. Leo ni siku ya sita.

Najua nitaambiwa wanaume nao hutukanwa. Ni kweli, hutukanwa wakicheza vibaya. Mimi nilitukanwa nilipofungua mdomo, sijafyatua hata risasi moja. Nitaambiwa pia kutuhumiana udanganyifu ni mambo ya kawaida ya ushindani. Mwaka 2016 msichana wa Korea Kusini anayejulikana kama Geguri alituhumiwa hivyohivyo katika Overwatch, gemu ya timu ya kufyatuliana risasi, ikabidi acheze mbele ya kamera, mikono yake ikionekana, ndipo akaaminiwa. Mwaka 2018 timu ya Shanghai Dragons ikamsajili, akawa mwanamke wa kwanza kwenye ligi ya Overwatch. Mimi sina kamera ya kunitetea. Nina rekodi, na rekodi hiyo iko kwako.

Wala usikubali kuambiwa kwamba ya mtandaoni huishia mtandaoni. Oktoba 2014 Anita Sarkeesian, aliyekuwa akichambua jinsi wanawake wanavyoonyeshwa kwenye gemu, alifuta mhadhara wake katika chuo kikuu cha Utah State, Marekani, baada ya kutumwa tishio la mauaji ya halaiki, na polisi kusema sheria ya jimbo haiwaruhusu kuwazuia wenye bunduki halali wasiingie nazo ukumbini. Kosa lake lilikuwa kuchambua gemu!

Na wanaotuita wavamizi hawajui historia ya kitu wanachokipenda. Gemu ya Mystery House ya mwaka 1980 ilibuniwa na Roberta Williams. River Raid ya mwaka 1982 aliitengeneza Carol Shaw. Tulikuwepo tangu mwanzo.

Kwa nini basi taarifa zetu hazisomwi? Nadhani ni fedha. Anayetukana ndiye pia anayenunua mavazi ya wahusika wa gemu kila mwezi, na akifungiwa mapato yanapungua. Nadhani pia wanaoamua tusi ni lipi hawajawahi kutukanwa hivyo. Mwaka 2021 kampuni ya Riot Games, wenye gemu ya League of Legends, walikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya wanawake waliofanya kazi kwao na kudai walibaguliwa kwa jinsia yao. Ikiwa aliye ndani ya jengo lazima aende mahakamani ndipo asikike, sisi tulio nje na kitufe cha kuripoti tutasikika na nani?

Siombi ligi ya wanawake peke yao. Usitutenge ili wao wabaki na uwanja. Naomba mtu. Mtu mmoja, na awe na masikio, aajiriwe kuzisikiliza rekodi hizi, apewe mamlaka ya kufungia akaunti, na amjibu mlalamikaji kwa maandishi ameamua nini na kwa nini. Nimeliomba hili kwenye barua zote tatu, na leo naliomba tena: mtu asikilize.

Fainali ni Jumamosi. Naomba rekodi yangu isikilizwe kabla ya siku hiyo, tangu mwanzo mpaka mwisho, na kama una nafasi, uisikilize wewe mwenyewe. Ni dakika 11. Mdogo wangu ameniuliza kama tutaitazama fainali pamoja, nami nimemwambia nasubiri jibu lako.

Wako katika mchezo,
Mchezaji wako tangu msimu wa kwanza