Barua kwa Binti Yangu Anayetimiza Hamsini

Nairobi, Oktoba

Mwanangu,

Juma lililopita ulisema hutaki mtu akukumbushe Novemba. Siku mbili baadaye ukawa unauliza ukumbi wa watu mia moja unakodishwa kwa bei gani. Sikukushangaa. Mtu anayekaribia hamsini hushukuru kwamba amefika, kisha akaudhika kwamba amefika, na pengine yote hayo kabla chai haijapoa. Usijilazimishe kuchagua upande mmoja.

Kwanza tuitazame namba yenyewe. Wakenya wengi wa rika la wazazi wako wana tarehe ya kuzaliwa iliyokadiriwa na karani. Wakikuyu walihesabiana kwa riika, Wakalenjin kwa ibinda, na mtu alivuka ngazi za maisha akiwa na kundi la wenzake, si peke yake mbele ya keki. Kuhesabu umri kwa kumi kumi kumetufikia zaidi kwa shule na makaratasi ya kazi. Tena siku utakayotimiza 50 utakuwa umeumaliza mwaka wako wa hamsini. Huo unaouogopa umekuwa ukiuishi tangu Novemba iliyopita.

Namba haina nguvu kwa mwili, lakini kwa akili inayo. Mwaka 2014 Adam Alter na Hal Hershfield, watafiti wa Marekani, walichapisha utafiti uliodai kwamba watu ambao umri wao unaishia na tisa hujiuliza zaidi kuhusu maana ya maisha yao, na hata huonekana zaidi miongoni mwa wanaokimbia marathoni kwa mara ya kwanza. Wapo waliozikosoa hesabu zao, na mimi nisingeufanya sheria. Kabla ya hapo, mwaka 2008, wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walikuwa wameonyesha kwamba katika nchi nyingi kuridhika kwa watu na maisha hushuka chini kabisa wakiwa kwenye miaka ya arobaini na kitu, halafu hali hupanda tena. Nalo limebishaniwa. Lipokee kama habari njema, lakini usilitegemee kama ratiba ya treni ya Mombasa.

Ninachokuomba ni hiki: kuanzia sasa hadi mwisho wa Januari, usitie sahihi jambo lisiloweza kurudishwa nyuma. Barua ya kuacha kazi, kuuza shamba, kuvunja nyumba, mkopo wa kuanzishia biashara ambayo mwezi wa sita hukuwa unaifikiria. Likikujia wazo, liandike kwenye karatasi: tarehe, unachotaka, litakugharimu pesa ngapi, na sababu kwa sentensi tatu. Lisome Februari. Kama sababu pekee uliyoandika ni "kwa umri huu sasa", basi aliyeamua ni kalenda, si wewe. Kama kuna sababu nyingine, na bado inasimama, endelea, wala usiombe ruhusa ya mtu. Kinachohusu usalama wako hakisubiri Februari.

Sasa, kabla hujaulaumu umri kwa huzuni, hesabu usingizi wako. Wanawake wengi hukoma hedhi wakiwa na miaka 50 au 51 hivi, lakini homoni huanza kuyumba miaka kadhaa kabla. Unaamka saa tisa usiku umelowa jasho, unashindwa kulala tena, asubuhi unamfokea kila mtu, halafu unasema ni kwa sababu unazeeka. Ni usingizi. Kwa wiki sita andika kwenye daftari: siku za hedhi, usiku ulioamka na mara ngapi, joto la ghafla, na hali ya moyo kwa alama kati ya moja na tano. Mpelekee daktari daftari hilo, kwa kuwa ukiingia na neno "nimechoka" utatoka na vitamini. Mwombe apime pia wingi wa damu na tezi ya shingo. Hedhi nzito ya miaka hii, hasa kwa mwenye uvimbe wa kizazi, humaliza madini ya chuma taratibu, na upungufu wa damu hufanana sana na kukata tamaa. Huzuni ikikaa kila siku kwa zaidi ya majuma mawili na mambo uliyoyapenda yakakosa ladha, hilo si la kusubiri daftari lijae.

Mambo mawili wengi hukosea hapa. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuiona. Kabla ya hapo mimba bado inawezekana, hata kama imeruka miezi minne. Na damu yoyote inayotoka baada ya miezi hiyo 12, hata tone, ni ya kupeleka hospitali juma hilohilo. Mara nyingi huwa si kitu kibaya. Lakini inaweza kuwa dalili ya mapema ya saratani ya nyumba ya uzazi, na wanaochelewa ni wale waliodhani ujana umerudi.

Vipimo vingine vifanye kabla ya sherehe, si baada, maana Desemba hakuna anayekwenda kliniki kwa hiari. Presha ndiyo hupimwa vibaya kuliko vyote. Mtu anashuka matatu, anapanda ngazi, anakaa, mkanda unafungwa juu ya sweta, anaulizwa habari za watoto huku mashine inavuma. Namba hiyo ni ya kutupa. Usinywe kahawa wala chai ya rangi kwa nusu saa kabla, nenda haja ndogo, keti dakika tano umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono wazi umelala mezani usawa wa moyo, na kimya. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba, kwa hiyo omba mkubwa, usione haya. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine kabla hujakubali jina la ugonjwa. Ikiendelea hivyo, kubali, na umeze dawa kila siku, hata siku unazojisikia vizuri. Sukari ni asubuhi, baada ya kukaa muda wa saa nane bila chakula, maji ruhusa. Kuanzia 7.0 (mmol/L) inarudiwa siku ya pili kuthibitisha.

Mamografia, ile picha ya matiti ya kutafuta saratani, ipange juma la baada ya hedhi, matiti yasipouma, na siku hiyo usipake poda wala dawa ya kwapani, kwa sababu chembe zake zinaweza kuonekana kwenye picha kama madoa. Mlango wa kizazi ukipimwa HPV, kirusi kinacholeta saratani ya hapo, na kikakosekana, unarudia baada ya miaka mitano. Omba pia kipimo cha damu isiyoonekana kwenye choo, cha kutafuta saratani ya utumbo mpana. Watu hukiona cha aibu, nami nakiona rahisi kuliko vyote, maana unachukua sampuli mwenyewe nyumbani.

Macho nimeyaweka peke yake kwa sababu umeanza kuisoma simu ukiwa umenyoosha mkono. Lenzi ya jicho hukakamaa kuanzia miaka ya arobaini, na kwa umri wako wengi huhitaji miwani ya kusomea ya kati ya +1.50 na +2.00. Ile ya kandokando ya barabara katikati ya mji haiharibu jicho, ila ina nguvu sawa pande zote mbili, nayo macho ya wengi hayalingani, ndiyo maana kichwa huuma ifikapo jioni. Sababu kubwa ya kwenda kwa daktari wa macho ni glakoma. Haiumi, hula pembeni mwa uono kwanza, na ilichokula hakirudi. Sisi watu weusi hutupata zaidi na mapema zaidi. Mwambie apime presha ya jicho na kutazama mshipa wa nyuma, si kukusomesha herufi ukutani tu.

Mifupa nayo hupungua kwa kasi miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Kutembea msitu wa Karura ni kuzuri, na dakika 150 kwa juma zinatosha moyo, lakini misuli na mifupa hutaka uzito. Mara mbili kwa juma: simama na kuketi kwenye kiti bila kutumia mikono, mara kumi, pumzika, rudia mara tatu, kisha beba madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, uzunguke uani. Na ule omena na miiba yake.

Kuhusu sherehe, fanya, lakini ya watu thelathini. Mia moja ni kamati, kundi la WhatsApp la michango, na wageni wanaokuja kwa sababu walichangishwa. Usikope kwa simu kulisha watu. Deni la namna hiyo ndilo hugeuza Novemba kuwa uchungu wa kweli. Kwa watu wazima thelathini, mbuzi mmoja wa kilo 12 baada ya kuchinjwa anatosha ikiwa kuna vyakula vingine, kwani nyama ikichomwa hupungua karibu theluthi. Angalia muhuri wa mkaguzi kwenye nyama kabla ya kulipa. Moto uwashwe saa mbili kabla ya saa ya kula: wachomaji wasio na uzoefu huweka nyama kwenye ndimi za moto, nje ikawa mkaa na ndani damu. Nyanya kilo nne, vitunguu kilo mbili, pakiti tatu za unga wa ugali. Keki ya kilo tatu. Kama hutaki kupika kabisa, wapeleke kwenye nyama choma ya soko la Kenyatta au la Burma hapa Nairobi, kila mmoja ajilipie, wala hakuna atakayekufa.

Novemba ni mvua za vuli. Hema likodiwe pamoja na kuta zake, lisimamishwe sehemu iliyoinuka, wala si pale maji ya paa yanapoangukia. Na waambie mapema wale vijana wenye ndoo kwamba kumwagia maji mwenye siku yake ni nje kwenye majani, simu zikiwa zimewekwa kando. Kuteleza kwenye vigae ukiwa na hamsini si mzaha.

Hotuba ziwe mbili. Ya tatu huanza kutaja nani hajajenga.

Tukija kwa pesa, hapo namba ina uzito wa kweli, kwa kuwa sheria inaijua. Kustaafu kazi ya serikali ni 60, nyongeza ya 2009 kutoka 55. Ukifika 50 unaweza kuacha kazi na kuomba mafao ya kustaafu mapema, hata ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Utakutana na watu watakaokushauri uyachukue upesi ununue ploti. Kwa aliye bado na mshahara, mimi ningekataa. Unachukua kilichokua miaka ishirini na kuki­acha bila miaka kumi ya mwisho, ambayo ndiyo hukua zaidi. Tazama hesabu: shilingi 10,000 kila mwezi kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, inayojumlishwa kila mwezi, baada ya miaka kumi ni kama milioni 1.83. Ukingoja ufike 55 ndipo uanze, kiasi hichohicho kila mwezi kinakupa takriban 735,000. Ujue pia kwamba kwenye mpango wa pensheni kwa kawaida unapewa theluthi moja kwa mkupuo, na iliyobaki hununua malipo ya kila mwezi. Wengi hupanga nyumba kwa hesabu ya pesa zote.

Kwenye sacco, punguza udhamini. Akiba yako inashikwa mpaka mkopo wa mwenzio uishe, na ukitaka kujitoa ukiwa bado mdhamini wa mtu, utangoja amalize au apate mdhamini mwingine. Omba orodha ya uliowadhamini. Huenda yumo uliyemsahau.

Halafu wosia, ambao unauahirisha kwa kusema ni uchuro. Sheria ya urithi ya Kenya haidai mhuri wala wakili. Ule wa maandishi inataka uwe umetiwa sahihi yako mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao waweke sahihi zao ukiwapo. Unapoharibika ni hapa: shahidi akiwa ndiye mrithi, au mume ama mke wa mrithi, alichoachiwa hakimfikii, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Wosia wa mdomo hufa wenyewe kama hujafariki ndani ya miezi mitatu. Ukiolewa baada ya kuuandika, unafutika, ila kama uliuandika kwa ajili ya ndoa hiyo. Ukimruka unayemtunza, anaweza kwenda mahakamani. Na fedha za sacco kwa kawaida hufuata fomu ya uteuzi uliyojaza siku ya kwanza. Ya wengi bado ina jina la mtu waliyekuwa naye wakiwa na miaka 27. Kaibadilishe.

Kliniki nimekuulizia Jumamosi ya pili, asubuhi, kwa hiyo usile baada ya saa nne usiku. Mbebe na mdogo wako wa kiume. Anatimiza arobaini mwakani, anasema presha ni ya wazee, na sweta lake ni zito.

Mimi mamako.