Kwa nini taa za stesheni yako ndogo zinaungua?

"Fundi, zote zimeungua." Mteja akifungua boksi mezani kwetu, mara nyingi hilo ndilo neno lake la kwanza. Ndani kuna kazi ya mikono safi kabisa: stesheni ya Mwanza kwa kipimo cha 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli, mabehewa, mawe yaliyobebana kama ya Bismarck, hata mama ntilie na sufuria zake. Ila giza tupu.

Tunamuuliza umeme ulitoka wapi. Chaja ya simu. Sasa chaja ile inatoa volti 5, na taa nyeupe ya LED inataka kama 3 hivi. LED haijui kujizuia. Ukiizidishia volti inavuta umeme mpaka inakufa. Inahitaji rezista, kidude cha bei ya karanga kinachopunguza umeme unaopita. Kwa chaja ya simu sisi tunafunga ya omu 1,000, na umeme unaopita unabaki miliampea 2 tu. Wateja huguna wakisikia hivyo, maana LED ya kawaida inahimili hadi 20. Sawa, lakini kibanda cha urefu wa kidole kikipewa 20 kinawaka kama uwanja wa mpira. Na kila taa iwe na rezista yake. Ukizifunga tano kwa rezista moja, hii itang'aa, jirani yake itasinzia.

Zikishawaka, angalia kuta. Plastiki nyembamba inapitisha mwanga, nyumba nzima inageuka chemli. Paka rangi nyeusi kwa ndani kabla hujafunga paa.

Rangi ya mwanga ndipo tunapobishana na watu. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Ukijenga stesheni ya miaka hiyo halafu ukaweka LED nyeupe inayoelekea bluu, umeharibu kila kitu. Chukua ya njano, iliyoandikwa kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga). Ziwani mambo ni mengine: karabai ya wavuvi wa dagaa ina mwanga mweupe, na taa za sola walizonazo wengi siku hizi ni nyeupe pia. Ila kama umechora mwezi mpevu ukutani nyuma ya ziwa, toa mitumbwi ya dagaa. Wale hutafuta giza, mbalamwezi haiwafai.

(Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, kwa 1:87 ni kama milimita 11.5, kwa hiyo tafuta njia ya milimita 12. Ile ya 16.5 iliyojaa mtandaoni ni ya upana wa SGR.)

Tunafunga taa upya kwa waya mwembamba wa shaba tunaoutoa kwenye mota zilizokufa; ukipita chini ya mlango hauonekani. Leta kazi yako pamoja na adapta utakayoitumia. Tafadhali, paa usiligandishe kwa supagluu kabla ya kuja. Tukilivunja, lawama si yetu.