Jina lililoko kwenye kampuni yako ni la nani?

Dada mmoja anayepika vyakula vya harusi hapa Reading, Uingereza, aliingia Jumamosi ofisini kwetu, tunakoshughulikia makaratasi ya kampuni, simu mkononi, uso umekunjamana. Alikuwa amejaribu mara tatu kutuma Companies House, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, ile fomu ya kila mwaka ya kampuni, na mara tatu imegoma. Inataka namba ya uhakiki wa utambulisho: yake, na ya mkurugenzi wa pili. Huyo wa pili ni shemeji yake. Aliwekwa siku kampuni inasajiliwa, kwa sababu mtu aliwaambia kampuni yenye mkurugenzi mmoja haina uzito. Shemeji siku hizi yuko Muscat, na hajawahi hata kukoroga sufuria ya biashara hiyo.

Tangu mwisho wa mwaka 2025 kesi za namna hii hazikauki mezani kwetu, ndiyo maana tumeona tuandike.

Zamani Companies House ilikuwa kama daftari la wageni kwenye msiba: unaandika jina lako, unapita, hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Matapeli wakalifurahia sana daftari hilo. Wakasajili kampuni kwa majina ya kubuni na kwa anwani za nyumba za watu wasiowajua. Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya uhalifu wa kiuchumi na uwazi wa kampuni mwezi Oktoba 2023, na inaanza kutumika kipande kwa kipande. Tangu tarehe 4 Machi 2024 ofisi inaweza kuhoji na kukataa taarifa unazoleta, sanduku la posta halikubaliki tena kuwa anwani ya kampuni, na lazima utoe barua pepe. Kipande kinachotuumiza kichwa sasa ni cha tarehe 18 Novemba 2025: uhakiki wa utambulisho.

Kwa ufupi, kila mkurugenzi, na kila mwenye zaidi ya robo ya hisa au kura za kampuni, lazima athibitishe kuwa ni yeye. Akishathibitisha anapewa namba yenye herufi na tarakimu 11. Namba hiyo ni ya mtu, si ya kampuni. Ukiwa mkurugenzi wa kampuni nne, unatumia hiyohiyo moja. Itunze kama PIN ya benki, usiirushe kwenye kundi la WhatsApp.

Na kuhusu WhatsApp, ile habari inayozunguka kwamba kila mtu ana siku moja ya mwisho si sahihi. Mkurugenzi mpya anahakikiwa kabla ya kuanza. Aliyekuwepo tayari anatoa namba yake pamoja na fomu ya mwaka ya kwanza inayoangukia ndani ya miezi 12 kuanzia hiyo Novemba. Kwa hiyo tarehe yako si lazima iwe ya jirani yako. Iko wazi kwenye ukurasa wa kampuni yako katika tovuti ya Companies House, kaitazame leo.

Uhakiki wenyewe ni bure kupitia GOV.UK One Login, akaunti ya kuingilia huduma za serikali mtandaoni. Unapakua programu kwenye simu, unapiga picha ukurasa wa pasipoti, unaweka simu juu ya pasipoti isome chipu, kisha unaitazama kamera. Pasipoti ya nchi yoyote inafaa mradi iwe na chipu. Angalia jalada la mbele: ukiona kialama kidogo cha mstatili chenye duara katikati, ndiyo yenyewe. Asiyeweza simu anaweza kuanzia mtandaoni na kumalizia posta. Njia ya tatu ni wakala aliyeidhinishwa, kama sisi, na hapo kuna ada. Tunasema wazi: kama simu yako ni nzuri na pasipoti yako mpya, huna sababu ya kutulipa. Fanya mwenyewe. Na barua ikija nyumbani ikidai pesa za "uhakiki wa lazima", ipeleke kwenye pipa.

Watu wetu wanakwama wapi basi? Kwenye majina. Yule dada kwenye pasipoti ana majina matatu: lake, la baba na la babu. Kwenye rejista ya kampuni ana mawili, na la pili ni la mume. Tarehe ya kuzaliwa nayo ilikuwa imegeuzwa, mwezi ukakaa mahali pa siku. Tarehe hiyo isipolingana na ile uliyohakikiwa nayo, namba haitashika. Tulirekebisha rejista kwanza, ndipo tukarudi kwenye fomu. Kazi ya nusu saa, ila si kazi ya kufanya usiku wa siku ya mwisho.

Jambo jingine linalowapita wengi: ukiwa mkurugenzi na pia mmiliki wa hisa zaidi ya robo, unatoa namba mara mbili. Mara ya kwanza ndani ya fomu ya mwaka, mara ya pili mahali pengine kabisa, kama mmiliki, ndani ya siku 14 baada ya tarehe ya fomu. Mmiliki asiye mkurugenzi, siku zake ni 14 za mwanzo za mwezi aliozaliwa. Hapo nawatazama ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao makaratasi yao yote yanasema tarehe 1 Januari. Mjue mwezi wenu ni upi kisheria, hata kama mama anakumbuka ilikuwa msimu wa mavuno.

Sasa jumuiya zilizosajiliwa kama charity, yaani shirika la hisani. Wadhamini wengi, wale wanaoziongoza, wanatuambia, "Sisi ni charity, haya ni ya wafanyabiashara." Inategemea. Chukueni karatasi yenu yenye nembo. Mkiona namba mbili, moja ya charity na moja ya kampuni, basi ninyi ni kampuni pia, na kila mdhamini ni mkurugenzi mbele ya sheria. Wadhamini tisa, namba tisa. Na kila mmoja awe na barua pepe yake. Ile moja ya jumuiya ambayo katibu na mweka hazina wanaingia kwa zamu haitafaa kwa One Login. Charity iliyosajiliwa kwa muundo wa CIO, yaani kwa Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, peke yake, haiguswi na uhakiki huu.

Mengine nayataja kwa haraka. Ada ya fomu ya mwaka mtandaoni imepanda kutoka pauni 34 hadi 50 tangu tarehe 1 Februari 2026. Kima cha chini cha mshahara kwa wenye miaka 21 na zaidi ni pauni 12.71 kwa saa kuanzia Aprili 2026. Walioajiri wapishi na wasafishaji wapige hesabu upya. Wewe unayeendesha teksi kwa jina lako, bila kampuni, uhakiki haukuhusu, lakini kodi inakuhusu: kama mapato yako ya kazi na pango yalizidi pauni 50,000 mwaka wa kodi wa 2024 hadi 2025, kuanzia tarehe 6 Aprili 2026 unatuma taarifa kwa ofisi ya kodi kila robo mwaka, kwa kutumia programu ya kompyuta. Ni mapato kabla ya kutoa mafuta na bima, si faida. Mwaka 2027 kiwango kinashuka hadi 30,000.

Nirudi kwa shemeji. Alipopigiwa simu alishtuka. Hakujua kwamba kuwa mkurugenzi kuna wajibu, na kwamba kuendelea na cheo bila uhakiki, muda wake ukishapita, ni kosa lake mwenyewe. Kwetu kumkatalia ndugu anayeomba kuazima jina ni ugumu, tunajua. Angeweza kuhakikiwa hukohuko Muscat kwa pasipoti yake, lakini ya nini? Akakubali kujiuzulu. Taarifa ya kumwondoa haina ada na inatumwa ndani ya siku 14. Tuliituma kabla chai ya dada haijapoa, na siku iyo hiyo fomu ya kampuni ikapita.

Mkija kwetu kwa kazi hii, kila mmoja aje na pasipoti yake na namba ya kampuni. Wadhamini, tafadhali njooni wenyewe, msimtume katibu na pasipoti zenu kwenye bahasha.