Usiligongelee Plaiwudi Kochi la Henzirani

Wateja wengi wanaotuletea kochi la zamani la watu wawili wanafika wakiwa wameshakata shauri: henzirani ya kikalioni, yaani zile nyuzi zilizosukwa, ing'olewe, ipigiliwe plaiwudi, juu yake liwekwe sponji nene na kitambaa kipya, yaishe. Tunawaelewa. Henzirani imetoboka katikati, mtoto amewahi kutumbukiza mguu, wageni wanakaa pembeni kwa tahadhari. Hata hivyo kazi hiyo huwa hatuipokei, na mwenye kochi ana haki ya kuelezwa sababu.

Kochi la wawili lina asili ya Ulaya. Katika karne ya 18, wanawake wa tabaka la juu Ufaransa na Uingereza walivaa magauni yaliyotanuliwa kwa fremu kiunoni, kulia na kushoto, hata kiti cha kawaida kikawa hakiwatoshi. Mafundi wa Ufaransa wakatengeneza kiti kipana walichokiita marquise. Wa Uingereza nao walikuwa wakiunganisha migongo miwili ya viti juu ya kikalio kimoja, na ukitazama makochi hayo leo bado unaona wazi viti viwili vilivyoshikana mabega. Karne ya 19 ikaleta lile lenye umbo la herufi S: wawili wanakaa bega kwa bega lakini kila mmoja anatazama upande wake, wakigeuza shingo wanaonana uso kwa uso, na mkono wa kiti uko katikati yao. Kwa wachumba waliokaa sebuleni mbele ya wazazi, fundi alikuwa amefikiria kila kitu.

Makochi tunayoyapenda zaidi, na ambayo plaiwudi huyaumiza zaidi, yanatokana na kazi ya Michael Thonet. Alikuwa seremala Mjerumani aliyehamia Vienna mwaka 1842. Alichukua mbao ngumu nyeupe za misitu ya Ulaya, akazilainisha kwa mvuke, kisha akazikunja zikiwa zimebanwa ukanda wa bati upande wa nje. Siri iko kwenye bati hilo: linazuia nyuzi za nje za mbao zisivutike na kukatika, kwa hiyo nguvu yote inaishia kuzibana zile za ndani. Kiti chake namba 14, cha mwaka 1859, kilisafirishwa kikiwa vipande vipande, viti 36 katika kreti moja ya mita moja ya ujazo, na mnunuzi alikifunga kwa skrubu. Haki yake ya kipekee ya kutumia njia hiyo ya kukunja mbao ilipokwisha mwaka 1869, viwanda vingine vikaingia, kikiwemo cha J. & J. Kohn cha hukohuko Vienna. Wote walitengeneza na makochi ya wawili kwa njia ileile, na kikalio kikawa cha henzirani kwa sababu ni nyepesi, inapitisha hewa na haihifadhi jasho.

Sifa hizo ndizo zilizoipa henzirani makazi pwani yetu. Katika nyumba za zamani za Unguja na Mombasa utakuta makochi ya henzirani ya kila namna: mazito ya msaji yenye nakshi, yaliyoletwa kutoka India, na mepesi ya mbao za kukunjwa.

Basi kabla ya kuamua lolote, geuza kochi lako juu chini. Ukiona matundu madogo yamezunguka ukingo wa kikalio, yamekaribiana kiasi cha upana wa kidole, hiyo ni henzirani ya kusukwa kwa mkono, uzi mmoja mmoja. Ukiona mfereji badala ya matundu, ni henzirani iliyofumwa kiwandani kama kitambaa, ikakatwa na kukandamizwa humo kwa gundi. Angalia pia upande wa ndani wa ukingo huo. Viwanda vya Vienna vilizoea kubandika karatasi au kupiga muhuri hapo, na mara nyingi jina bado linasomeka chini ya vumbi.

Sasa turudi kwenye plaiwudi. Ukingo wa kikalio cha mbao ya kukunjwa ni mwembamba na tayari umetobolewa mstari mzima. Ukipigilia msumari katikati ya tundu na tundu, ufa unafuata mstari huo na ukingo unapasuka kwa urefu. Ufa wa namna hiyo hautibiki vizuri. Pia sponji inanyanyua kikalio, mikono ya kochi inabaki chini, na kochi lililopimwa kwa mwili wa mtu linakuwa la kukaa miguu ikining'inia. Kwa hewa yetu ya pwani, sponji inanyonya unyevu, na chini yake hakuna anayechungulia tena mpaka bungua wamalize kazi yao.

Kusuka upya ndiyo njia. Henzirani inalowekwa majini hadi ilainike, halafu inapitishwa upande unaong'aa ukiwa juu: kwanza nyuzi za mbele kwenda nyuma, kisha za kukingama, kisha za mbele tena, kisha za kukingama kwa kufuma juu na chini, mwisho mishazari miwili inayofunga kila jicho. Ikikauka inajivuta yenyewe, na ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma iliyowambwa. Bei tunaipanga kwa idadi ya matundu, si kwa ukubwa wa kochi, kwa hiyo ukiyahesabu mwenyewe nyumbani hatutakuwa na la kubishania.

Kama henzirani imelegea tu bila kukatika, huhitaji fundi. Lowesha taulo, libandike upande wa chini, ambao ndio unaonyonya maji, liache kwa muda, kisha liache kochi likauke usiku kucha bila kukaliwa. Asubuhi utakuta imekaza. Baada ya hapo usipige goti juu yake wala kusimama, na usiliweke mbele ya kiyoyozi, maana ukavu ndio unaoikatisha.

Kuhusu rangi, usikimbilie msasa. Chovya pamba kwenye spiriti, isugue mahali pasipoonekana. Ikianza kunata na kuchukua rangi, hiyo ni shelaki, inayotokana na utomvu wa wadudu wa India na Thailand. Inafufuliwa kwa kuongezewa koti jembamba, haina haja ya kukwanguliwa. Tazama pia vitundu vya bungua: vyeusi na vikavu ni vya zamani, lakini vyenye unga mweupe unaodondoka sakafuni ni vya sasa. Kochi hilo litenge na vyombo vingine siku hiyohiyo.

Mahali pa kuliweka ndipo tunapoulizwa sana, na ushauri wetu wa kwanza ni huu: usilitafutie seti. Tumezoea kununua la watatu, la wawili na la mmoja wa kitambaa kimoja, na kochi la zamani likilazimishwa kwenye mpango huo linaonekana kama limepotea njia. Lipe ukuta wake. Ukumbini karibu na mlango linafaa sana, mtu akae avue viatu. Miguuni pa kitanda pia linapendeza. La umbo la S lisisukumwe ukutani, kwa sababu linatumika pande zote mbili. Liweke katikati ya chumba au barazani kwenye kivuli, mbali na jua la moja kwa moja.

Mito iwe miwili, myembamba, ya kikoi au pamba isiyo na maua makubwa, na ifungwe kwa kamba nyuma ili isiteleze. Henzirani ionekane pembeni. Mwanga wa dirisha ukipita kwenye kusuka, kivuli chake sakafuni ni pambo tosha, hivyo zulia zito chini yake halihitajiki.

Ukitaka tukukadirie gharama, tupigie picha tatu: kochi zima kutoka mbele, kikalio kutoka chini, na kiungo cha mguu wa nyuma kwa karibu. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoitazama kwanza, maana kiungo kikicheza lazima tukigundishe upya kabla ya kusuka hata uzi mmoja.