Rangi ya Kucha Juu ya Maji

Tudor, Mombasa
Novemba 27

Shoga yangu Riziki,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Bamburi. Picha zako nimezipata, na kabla hujavitupa vile vijipira vya kioo vya mapambo ya Krismasi, ulivyojaribu kuvichovya kwenye rangi ya kucha inayoelea juu ya maji, ngoja: havijaharibika. Pamba yenye asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, itavirudisha kuwa kioo kitupu kama vilivyotoka dukani. Kilichokushinda si mkono, ni joto. Maelekezo uliyoyafuata yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako utando wa rangi hukaa laini juu ya maji ukimngoja mtu. Hapa kwetu, Desemba na kaskazi inavuma, hesabu sekunde 15, au 20 ukibahatika.

Rangi ya kucha, hii ambayo sote tunaiita cutex hata chupa ikiwa na jina jingine, ni nitroselulosi, aina ya plastiki, iliyoyeyushwa ndani ya ethili asetati na butili asetati. Tone likigusa maji, uso wa maji hulivuta pande zote likatandaa. Papo hapo vile viyeyusho vinaanza kuruka hewani, na kinachobaki ni ngozi nyembamba ya plastiki. Ukichelewa, kijiti cha kuchorea hakichori tena, kinaburuta. Ndiyo hayo malai ya maziwa uliyoyaona yamejikunja. Waturuki wana ufundi wao wa kuchora kwa rangi juu ya maji, uitwao ebru, ambao UNESCO iliutia kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014, na ukiwatazama unaweza kudhani nawe utachora waridi jani kwa jani. Lakini wao maji yao wameyafanya mazito kwa gundi ya mmea, na rangi zao wamezitia nyongo ya ng'ombe. Rangi haiwakaukii mbele ya macho. Sisi maua tuwaachie wao.

Kwa hivyo kazi yote ifanyike kabla hujafungua chupa ya kwanza.

Anza na vijipira vyenyewe. Hakikisha ni kioo, kwa sababu vingi vinavyouzwa siku hizi ni plastiki, na viyeyusho vya rangi ya kucha huila plastiki ya aina ile ikawa na ukungu na kunata. Gonga kwa ukucha: kioo kinalia, plastiki inabwata. Ukikosa, balbu za zamani za kioo zenye waya ndani, zilizoungua, zinafaa sana na zina umbo zuri la tone. Zile taa ndefu nyeupe au zilizojipinda usiziguse, zina zebaki.

Ng'oa kifuniko cha bati. Chomeka kijiti cha mshikaki shingoni na uzungushie masking tepu mpaka shingo izibe kabisa. Maji yakiingia ndani hayatoki upesi, na baadaye kifuniko kitashika kutu. Tepu iwe imara, maana kijipira cha sentimita 6 kimejaa hewa na maji yatakisukuma juu. Kijiti kikilegea kitakuponyoka katikati ya kazi. Kisha kifute kwa pamba yenye spiriti, na baada ya hapo usikiguse tena kwa vidole. Alama moja ya kidole yenye mafuta ya kupikia inatosha, rangi itakuja kubanduka pale pale baada ya wiki.

Chombo nacho kina hesabu yake. Eneo la nje la mpira ni sawa na eneo la duara lenye upana mara mbili ya mpira huo. Yaani kijipira cha sentimita 6 kinahitaji utando wa sentimita 12 ili kivikwe chote kwa mara moja. Wewe ulitumia kikombe, ndiyo maana nusu ya juu ilibaki wazi. Tafuta mkebe wa samli au kopo la plastiki lenye mdomo wa sentimita 14 hivi, maji yawe na kina cha sentimita 10 au zaidi. Kopo lile jeupe jepesi la chakula cha kubeba litayeyuka, usilitumie. Na chombo chochote utakachotumia kisirudi jikoni.

Maji yawe safi na ya joto la chumba, ambalo kwa Mombasa tayari ni vuguvugu. Usiyachemshe, usiyatie barafu: ya baridi sana hufanya tone ligande na kuzama, ya moto hukausha utando kabla hujashika kijiti. Maji ya kisima yenye chumvi yatakuachia madoa meupe juu ya kioo yakikauka. Tumia ya kunywa, lita 2 zinatosha.

Rangi ziwe mbili au tatu, si zaidi. Ya nne hugeuza yote kuwa tope. Nyeupe ndiyo inayozionyesha nyingine, basi nyeupe na buluu, au nyeupe, nyekundu na dhahabu. Chagua chupa mpya, nyepesi. Iliyokaa mwaka kabatini imeshakuwa nzito na itazama kama kokoto. Zile za jeli zinazokaushwa kwa taa hazifai kabisa, na zenye chembe kubwa za kumeta hushuka chini. Zilizoandikwa kwamba hukauka haraka ni adui yako namba moja.

Mahali: barazani asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Kama ni ndani, madirisha wazi lakini feni izimwe, kwa kuwa feni inakausha utando na kuusukumia ukingoni. Jiko la gesi lizimwe, na la makaa lisiwe karibu. Hili usilifanyie mzaha. Mvuke wa ethili asetati hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 4 chini ya sifuri, na ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hutambaa chini kutafuta moto ulipo.

Sasa, fungua chupa zote na uweke brashi zikiwa huru juu ya midomo. Dondosha tone la kwanza, nyeupe, kutoka sentimita 1 tu juu ya maji. Tone la juu sana hutumbukia. La kwanza litatandaa kuliko yote. La pili lidondoshe katikati ya la kwanza, la tatu katikati ya la pili, mpaka matone 6 hadi 8, rangi zikipishana kama pete za gogo lililokatwa. Shika kijiti cha meno, anzia karibu na katikati kwani ukingo umeshaanza kukauka, uvute mistari miwili au mitatu. Futa ncha kwenye karatasi kila baada ya mstari. Hapo acha! Karibu kila kazi mbaya niliyoiona iliharibiwa na mstari wa nne.

Ingiza kijipira kwa kukiinamisha, polepole, ukikizungusha kidogo kadiri kinavyoshuka. Ukikisukuma wima na kwa haraka hewa itanaswa chini yake, na hapo utapata matundu. Kikishazama chote, kishikilie humo humo chini ya maji. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakivuta juu mara moja, nao utando uliobaki juu ya maji unakigandia tena kama nguo ya pili. Kwa mkono mwingine zungusha kijiti cha meno juu ya maji, mabaki yatajiviringisha humo kama uzi, uyatoe. Uso wa maji ukishakuwa safi bila rangi, ndipo ukitoe kijipira. Mikunjo midogo itajikusanya upande wa shingo pale utando unapokutana, haizuiliki, kifuniko kitaificha.

Matone ya maji usiyafute. Tikisa kidogo, kisha simamisha kijiti kwenye kipande cha povu jeupe la kufungia televisheni. Kuguswa kidogo kinaweza baada ya nusu saa, ila king'arishi cha kupaka juu ya mchoro kingoje siku nzima. Ukipaka juu ya unyevu utafunga maji ndani na kijipira kitakuwa na weupe kama maziwa. Na usitumie rangi ya kucha isiyo na rangi kwa brashi: viyeyusho vyake vinayeyusha mchoro wako na brashi inauburura. Vanishi ya maji ya kupuliza, mara mbili nyepesi, ndiyo salama.

Kabla ya kijipira cha pili, buruta ukanda wa gazeti juu ya maji kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Tone likikataa kutandaa na kubaki kama kifungo, ujue kuna utando wa zamani usioonekana, au sabuni ilibaki ulipoosha mkebe. Ukiburuta mara mbili bila nafuu, mwaga uanze maji mapya. Mabaki ya rangi yaende kwenye takataka, si kwenye sinki.

Umeniuliza pia kwa nini rangi zako zinaonekana hafifu dhidi ya dirisha. Kioo kinapitisha mwanga. Mchoro ukishakauka, mimina ndani vijiko viwili vya chai vya rangi nyeupe ya maji, zungusha mpaka ienee, kisha kipindue juu ya kikombe siku mbili kabla ya kurudisha kifuniko. Mimi napenda zaidi kuacha nusu viwe wazi na nusu viwe vyeupe, vikining'inia pamoja vinasaidiana.

Kwa vijipira 40 vya kanisani chupa 3 za nyeupe zitatosha, na chupa 2 za kila rangi nyingine. Nunua zote siku moja. Niambie ukitaka nikutafutie vijiti vya mshikaki Marikiti, hapo kwenu nadhani ni ghali.

Wako,
Mishi