Barua ya wazi kwa Mheshimiwa uliyetuletea miche: liache bonde letu

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote nakuandikia kutoka huku juu Usambara, upande wa Lushoto, baada ya kufika ofisini kwako mara tatu na kuambiwa uko kikaoni. Jumanne iliyopita lori limemwaga tena miche ya mikaratusi kando ya chemchemi yetu. Tena, Mheshimiwa! Bonde lile lile uliposimama mwaka 2019 ukaahidi mbele ya wazee kwamba miche itakayofuata itakuwa ya miti ya asili. Mama yangu alikupigia vigelegele siku ile. Leo, na miaka yake 71, anaamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya ndoo.

Chemchemi yetu imepungua maji, na tunaishuku mikaratusi uliyotuletea kwanza. Huenda mvua nazo zimepungua, sibishi. Lakini chemchemi ya ng'ambo, iliyobaki ndani ya msitu wa asili, inatiririka hata sasa, mwezi wa pili, jua likiwaka. Mawingu yetu ni mamoja.

Nenda ukasimame pale. Mkuyu uko bondeni, mizizi majini. Mnyasa umeshika mteremko, mkulo uko juu mgongoni, kila mmoja mahali panapoufaa. Chini yake kuna vichaka, na majani yaliyooza yanayomeza kiganja kizima. Mvua inashuka ngazi kwa ngazi, na ikifika chini udongo unainywa taratibu. Hondohondo anakula tunda huku, anaangusha mbegu kule. Mti ukiugua, jirani yake ni wa ukoo mwingine, na ugonjwa unakosa pa kuhamia.

Shamba la mti wa aina moja halina kinga hiyo. Wazee hawajasahau vidukari vya sipresi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti huo: vilionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 vilikuwa vimeingia Kenya. Sipresi za marehemu baba, 200, alizozitunza ili atusomeshe, zilikauka zikawa rangi ya kutu. Mikulo ya jirani haikuguswa. Mimi niliishia darasa la saba.

Siuchukii mkaratusi. Unatupa nguzo na kuni; upandwe kwenye mashamba yaliyochoka, mbali na maji. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kuzunguka chanzo cha maji. Nimepima kwa miguu yangu: mche wa kwanza uko hatua kumi na nne.

Ombi langu ni moja. Miche ile iondolewe kabla ya masika. Hata kama hutatuletea mkulo hata mmoja, bonde liache lipumzike. Msitu uko juu yake, mbegu zitashuka zenyewe. Iondolewe, Mheshimiwa. Majembe tunayo, vijana wapo, wanangoja ruhusa yako tu.

Ni mimi,
Mkulima wa kabichi, Lushoto