Dhabihu iliyo hai

Malindi, Jumapili jioni, 18 Mei 2025

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima, ila mvua za masika hazitupi nafasi ya kuanika hata leso, na bahari upande wa Sabaki imegeuka rangi ya chai kwa tope la mto. Barua yako niliipata juma lililopita, na nimeisoma mara tatu. Waniuliza niliwezaje kukaa mkeka mmoja na kaka yangu baada ya lile shamba la mama. Tena wauliza kama ni kweli nimejitoa kwa Mungu, kama wasemavyo watu wa kanisani, maana neno hilo, analolihubiri mchungaji wenu huko, lakutia hofu.

Hata mimi lilinitia hofu, mwenzangu. Acha nianzie hapo.

Wakumbuka Aprili ya 2023, habari za msitu wa Shakahola zilipofumuka. Miili ililetwa hapa mjini kwetu. Iliyofukuliwa ilipita 400, na watoto walikuwa wengi mno. Watu walikuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe, ndipo wakutane na Yesu. Wakati ule nilikuwa nikiuza mahamri na mbaazi si mbali na hospitali, kwa hiyo jamaa zao walipita mbele ya karai langu kila asubuhi, wametoka kaunti za mbali, picha mkononi. Mama mmoja alinionyesha picha ya binti yake amevaa sare ya shule. Akaniuliza kama nimewahi kumwona akipita. Sikuwa nimemwona. Nikamfungia mahamri manne kwenye gazeti, akayashika mpaka yakapoa, mafuta yakapenya karatasi yakamlowesha vidole, wala hakula. Watu wale walitoa damu na mate ili wapimwe DNA, wakarudi makwao kungoja. Miili ya kwanza walianza kukabidhiwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye.

Tangu siku hizo, mhubiri akisimama aseme "acha vyote, jitoe kwa Mungu," mimi mwili hunisisimka. Maana wale wa msituni walikuwa wameacha vyote kweli. Waliuza mali, wakawatoa watoto shuleni, wakakataa hospitali. Kwa kuacha walinishinda mbali. Nikajiuliza: kama kujitoa ndiko huku, basi mimi Mungu anisamehe, nibaki na mahamri yangu.

Na hapo ndipo kaka anapoingia. Mama alipofariki aliacha ekari mbili kule Ganda, minazi imejaa. Kaka aliziuza karibu zote, ikabaki nusu ekari tu, kabla hata ya mirathi kufunguliwa, mimi sikuulizwa wala sikuonyeshwa shilingi. Nakala ya mapatano ya mauzo niliipata kwa mtu, nikaikunja nne, nikaitia ndani ya Biblia. Miaka sita ilikaa humo. Nikifungua nisali, naikuta. Nikiikuta, naisoma. Siku nyingine niliisoma ile kuliko nilivyosoma Neno, na sala zangu zikawa za namna moja: Bwana, mwonyeshe. Nilikuwa mshirika mwaminifu, zaka natoa, kwaya naimba alto, na usiku nalala nimekunja ngumi. Wakati ule mwenyewe sikuliona hilo. Aliyeliona ni mwanangu, akaniambia, "Mama, ukilala unasaga meno."

Mwaka jana, msimu kama huu, mvua ilinikuta barabara ya baharini nikakimbilia lile kanisa dogo la Wareno, lile lililoezekwa makuti, lenye makaburi uani. Walituonyesha tulipokuwa shule ya msingi, wakatuambia Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Mimi si Mkatoliki, lakini mvua haiulizi dhehebu. Nikakaa. Biblia nilikuwa nayo kwenye kikapu, nikaifungua, na ilifunguka palepale inapofunguka sikuzote, penye karatasi. Ilikuwa Warumi 12.

Sura ile naijua kwa moyo tangu kipaimara, nawe waijua. "Itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai." Siku ile jicho langu lilikwama kwenye neno dogo la mwisho: hai. Shoga yangu, nilitetemeka. Dhabihu ya madhabahuni ilichinjwa, ndiyo desturi yake. Hii Paulo anasema iwe hai. Iamke asubuhi, iteke maji, ipike, ilee watoto, ilipe deni. Nikasoma mbele: "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu." Angalia Kiswahili chenyewe. Hakusema mjigeuze. Mgeuzwe. Yupo anayegeuza, na mimi kazi yangu ni kutomzuia mkono.

Sikuishia hapo, na nashukuru sikuishia. Sura hiyohiyo inateremka, inasema watakatifu wasaidiwe mahitaji yao, wageni wakaribishwe, tusijilipizie kisasi, na karibu na mwisho: "Adui yako akiwa na njaa, mlishe." Nilikaa na neno hilo mpaka mvua ikakatika. Sura inayoanza na kuutoa mwili inaishia kwenye kulisha mtu! Kule msituni waliutoa mwili wakaishia kuwanyima chakula watoto wao wenyewe. Sasa nikaona tofauti, na tangu siku hiyo naishika hivi: Mungu ukimpa nafsi yako, anakurudisha kwa watu, mikono ikiwa imefunguka. Anayekutenga na watu wako, akakunyima chakula na dawa na shule, akataka umtii yeye kabla ya kuuliza, huyo unajitoa kwake, si kwa Mungu. Ukimwona wa namna hiyo katika ushirika wenu huko, mwenzangu, toka. Usione haya kutoka. Nimeona picha zile zikishikwa na mama zao.

Basi nilisali palepale, kwa sauti, hapakuwa na mtu. Sikusali vizuri. Nilisema: shamba ni lako, kaka ni wako, mimi ni wako, na sitaki. Ndivyo nilivyosema, "na sitaki". Baadaye nilijifariji kwa Bwana mwenyewe kule Gethsemane, kwamba naye aliomba kwanza kikombe kimwondokee, tena akarudia maneno yaleyale mara tatu, jasho likamtoka kama matone ya damu. Na ombi hilohilo la kikombe lilimalizikia kwa "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Wanaokuambia kujitoa ni kunyamaza, hawakusoma maneno yanayotangulia. Mwambie Mungu unachotaka. Lia. Kisha uachilie.

Usidhani niliinuka mtu mpya. Niliinuka na miguu iliyolowa. Badiliko lilikuja polepole mno, na sehemu kubwa sikuiona ikija. Siku chache baadaye nilikuwa nakuna nazi, nimekalia mbuzi, nikashtuka kwamba nazi tatu zimekwisha na sijamlaani mtu. Zamani kukuna nazi ndio ulikuwa wakati wangu wa kuhesabu makosa ya kaka, mkono ukienda, moyo ukienda. Siku ile nilisikia tu ile sauti ya meno ya mbuzi kwenye kifuu, na jirani akimwita mwanawe. Nikaacha kukuna, nikalia, machozi yakaingia kwenye nazi, ikabidi niimwage ile ya juu.

Kisha nikasikia kaka ameumwa, sukari imempanda, mguu una kidonda. Mahamri asiletewe mwenye sukari, kwa hiyo nilimpikia mchicha na samaki wa kupaka, tui jepesi, nikapanda bodaboda mpaka Ganda. Njiani niliomba pikipiki iharibike. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha. Hakuinua macho. Tukala. Nilimwambia wazi kwamba aliuza mali ya marehemu isiyokuwa yake peke yake, na kwamba alinidhulumu, na kwamba simdai tena. Yote matatu nilisema, maana kusamehe bila kutaja kosa niliona ni kumdanganya. Na ile nusu ekari iliyobaki nilimwambia haiuzwi mpaka mahakama imalize mirathi na majina ya watoto wote yaandikwe. Hilo nililisimamia, na ninalisimamia hadi leo. Mungu hakuniambia niache watoto wa ndugu zangu wadhulumiwe kwa jina la upole.

Waniuliza kama aliomba radhi. Hapana. Mwaka umepita, na bado. Kuna usiku hasira inarudi na kukaa kifuani kama zamani, nami naamka naanza upya: ni wako, ni wako, ni wako. Nyakati nyingine nalisema hilo nikikanda unga mpaka iliki inanipanda puani. Sasa naenda Ganda kila Jumamosi, kidonda namsafisha mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu na chumvi kama alivyotufundisha muuguzi. Kinakauka pembeni, katikati bado chekundu.

Ile karatasi nimeitoa kwenye Biblia. Sikuichoma, maana mahakamani itahitajika, nimeiweka kwenye bahasha pamoja na cheti cha kifo cha mama. Biblia sasa inafunguka popote, na nakiri yanichukua muda kuipata Warumi.

Jana jioni mtoto wa kaka alikuja na kiroba. "Shangazi, baba kanituma." Nazi kumi, zimefuliwa tayari. Nikamuuliza baba kasema nini. Akasema hakusema kitu, kapanga tu mwenyewe kirobani, akiwa amekaa.

Nazikuna usiku huu, kesho ni siku ya kazi. Niandikie, unieleze na huyo mchungaji wenu anasema nini hasa, kwa maneno yake. Wasalimie watoto, na mama mkwe mpe mkono.

Ni mimi mwenzako,
Malindi